Uso, Kanzu na Mwanga: Pa Kuanzia Unapojifunza Kuhariri Picha

Chukua picha ya Idi. Mzee amesimama mbele ya ukuta wa chokaa, kanzu yake nyeupe pe, kofia kichwani, jua la saa nne asubuhi linawaka. Aliyepiga ametumia simu nzuri tu. Ukuta umetoka vizuri, darizi ya shingoni inahesabika uzi kwa uzi, lakini uso wa mzee umezama gizani. Macho hayaonekani, na ile mikunjo ya shavu inayomtambulisha kwa wajukuu zake imepotea. Wanafunzi wanaokuja kwangu kujifunza kuhariri huwa nawaanzishia picha ya namna hii, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila jambo analohitaji mtu anayeanza.

Uso umekuwa giza kwa sababu kamera haitambui kanzu wala haijui mzee ni nani. Inachofanya ni kupima mwanga wote unaoingia, kisha kuurekebisha ili wastani wake uwe karibu na kijivu cha kati. Ukiijazia weupe, yaani kanzu, ukuta na mbingu, hudhani mwanga umezidi na huupunguza. Kinachoumia ni kile ambacho tangu mwanzo kilirudisha mwanga mdogo, nacho ni ngozi nyeusi. Simu za sasa hutafuta sura za watu na kujaribu kuzisaidia, ila jua kali likikutana na kivuli cha kofia, mara nyingi hushindwa.

Na jambo hili lina historia. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafishia picha zilipelekewa na Kodak kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyokuja kujulikana kama kadi ya Shirley. Fundi alilinganisha rangi za mashine yake na kadi hiyo: ngozi ya Shirley ikitoka sawasawa, kazi ilihesabiwa kuwa sawasawa. Sura kama zetu hazikuwemo kwenye kipimo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilichelewa sana, na hata mwaka 2021 Google ilipotoa simu ya Pixel 6 iliona haja ya kutangaza kwamba kamera yake imerekebishwa ili ipige vizuri ngozi nyeusi. Ndiyo maana nawasihi wanaoanza wasikimbilie kitufe cha kupendezesha sura. Programu nyingi za urembo zikikuta uso wenye giza huupaka weupe, na mzee wa watu hutoka na ngozi isiyo yake. Kazi yetu ni kuurudisha mwanga ulionyimwa uso huo, na rangi ya ngozi ibaki ile aliyozaliwa nayo.

Sasa chombo. Kama una kompyuta, hata ile ya zamani kidogo, anza na GIMP. Waliianzisha wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995, na tangu ilipotolewa kwa umma mwaka uliofuata imekuwa ya bure. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, gimp.org, si kwingineko. Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na kuuzwa na Adobe tangu mwaka 1990, ni chombo kikubwa na wataalamu wengi huishi nayo, lakini siku hizi hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Zile nakala za wizi zinazopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi sizipendekezi kwa yeyote. Mara nyingi huja na virusi, na anayejifunza hazihitaji. Mwenye simu pekee atumie Snapseed ya Google, nayo ni ya bure. Haya nitakayoeleza nayaeleza kwa GIMP, ingawa mantiki yake utaikuta kila mahali.

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala ya picha na uiweke asili mahali pake pa peke yake.

Picha iliyomo kwenye kompyuta ni jedwali la namba. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000, na kila pikseli ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Zote zikiwa 0 unapata weusi kamili. Zote zikiwa 255 unapata weupe kamili. Ukilielewa hilo, histogramu haikutishi tena. Ni mchoro unaoonyesha pikseli ngapi ziko gizani, upande wa kushoto, na ngapi ziko kwenye mwanga, upande wa kulia. Histogramu ya mzee wetu ina vilima viwili: kimoja kimejibana kushoto, ndicho uso na kivuli, kingine kimerundikana kulia, ndicho kanzu na ukuta. Katikati ni bonde tupu. Ukiisoma hivyo, umeshajua ugonjwa kabla ya kutafuta dawa.

Kilima cha kulia kikiwa kimegota kabisa ukutani, pale kwenye 255, ujue sehemu hizo za kanzu hazina tena nyuzi wala mikunjo. Hapana programu itakayorudisha ambacho kamera haikukinasa. Giza lina huruma zaidi: kwenye kivuli mara nyingi kuna habari iliyojificha, na inaweza kuvutwa juu. Kwa hiyo ukipiga picha kwenye jua kali, ni heri uso uwe giza kidogo kuliko kanzu kuungua.

Fungua menyu ya rangi uchague chombo cha viwango. Utaona ile histogramu, na chini yake pembetatu tatu: nyeusi, kijivu na nyeupe. Shika ya kijivu uivute taratibu kuelekea kushoto. Uso unaanza kutoka gizani, macho yanaonekana, tabasamu linarudi. Hapa anayeanza hufurahi, na furaha hiyo naijua vizuri, lakini akigeuza macho kwenye kanzu ataona darizi inafifia na ukuta unawaka. Umeipa picha nzima dawa iliyohitajiwa na uso peke yake. Basi bonyeza Ctrl na Z kurudi nyuma, tuifanye kwa tabaka.

Tabaka ni kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine: unachokiona ni zote kwa pamoja, ila kila moja unaweza kuichora, kuifuta au kuiondoa bila kuigusa ya chini yake. Photoshop ilipata tabaka mwaka 1994, katika toleo la tatu, na kwa maoni yangu hakuna hatua kubwa kuliko hiyo katika kazi nzima ya kuhariri, maana iliwapa watu nafasi ya kubadili mawazo. Kwenye GIMP, bonyeza Shift, Ctrl na D kwa pamoja, na picha yako itapata nakala yake yenyewe juu. Sasa rudia ile kazi ya pembetatu ya kijivu kwenye tabaka la juu, ukiuangalia uso tu. Kanzu ikiungua huku juu usijali. Ya chini iko salama.

Kisha ongeza barakoa. Bonyeza tabaka la juu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuongeza barakoa ya tabaka, na uitake iwe nyeusi. Picha itarudi gizani mara moja, na wengi hushtuka wakidhani wamepoteza kazi. Hawajapoteza. Palipo na weusi kwenye barakoa, tabaka hufichika. Palipo na weupe, huonekana. Kijivu huonyesha nusu nusu. Sasa bonyeza P upate brashi, D ili rangi ziwe nyeusi na nyeupe, na X kuzibadilishana mpaka nyeupe iwe mbele. Chagua brashi kubwa yenye kingo laini, punguza uzito wake hadi asilimia 30 hivi, uhakikishe unapaka kwenye barakoa na si kwenye picha yenyewe, halafu pitisha juu ya uso wa mzee. Kila ukipitisha upya, mwanga unaongezeka kidogo. Umezidisha? Bonyeza X, upake nyeusi, na giza linarudi. Shingo na mikono usiisahau. Uso uliong'aa juu ya mikono yenye giza humfanya mtu aonekane amebandikwa kichwa.

Hapa ndipo ningependa anayeanza atumie muda wake mwingi, hata wiki kadhaa, na picha za watu anaowajua. Filta atajifunza kwa siku moja akitaka. Barakoa humfundisha jicho: mwanga ulitoka wapi, kivuli cha kofia kinaishia wapi, upande gani wa pua unastahili kubaki na giza ili uso usiwe bapa. Usikifute kivuli chote. Tazama picha kwa ukubwa wake kamili, kwa kubonyeza namba 1, uone kama kuna utepe wa mwanga ulioizunguka kofia. Kisha ipunguze iwe ndogo kama inavyoonekana kwenye simu, uone kama bado inaaminika. Ukiona chenga za rangi zimechomoza mashavuni, umevuta kivuli kupita kiasi. Rudi nyuma.

Rangi nayo huhitaji jicho. Aliyesimama kivulini chini ya mbingu wazi hutoka na ubluu. Aliye chini ya mwembe huchukua ukijani wa majani. Chombo cha viwango kina kitone cha kunyonyea rangi kinachokuwezesha kuonyesha programu kipi ni cheupe, na wengi hukimbilia kukigusisha kanzu. Tahadhari: kanzu nyingi si nyeupe tupu, ni za rangi ya maziwa, na ukiilazimisha iwe nyeupe, uso utageuka baridi na bluu. Itazame ngozi kwanza. Ikiwa na uhai, kanzu itajipanga yenyewe.

Kazi ikimalizika, ihifadhi kwa Ctrl na S. GIMP itaiweka kama faili ya XCF, ambayo inabeba tabaka na barakoa zote, na kesho unaweza kuendelea ulipoishia. Ya kuwapa watu unaitoa kando kwa Shift, Ctrl na E, kwa kawaida kama JPEG. JPEG hubana picha kwa kutupa habari, na kila unapoifungua, kuibadili na kuihifadhi upya, nyingine hutupwa; kwa hiyo marekebisho yote yafanyie kwenye XCF. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida itabanwa tena, hivyo anayekwenda kuichapisha mtumie kama faili.

Kwa kuchapisha, kipimo kilichozoeleka ni pikseli 300 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800, nayo A4 inataka 2480 kwa 3508. Karatasi haina taa nyuma yake kama skrini, kwa hiyo uso utatoka na giza zaidi ya ulivyouona kwenye kompyuta. Punguza mwanga wa skrini unapohariri, na kabla ya kuagiza albamu nzima ya Idi, chapisha picha moja, uende nayo nje uitazame kwenye mwanga wa mchana.