Kuyeyuka na Kumumunyika: Funzo kutoka Nyika za Rhamu

Rhamu ni mji ulio kando ya mto Daua, katika Kaunti ya Mandera. Katika nyika za kaunti hiyo wafugaji hukusanya ubani, manemane na gundi ya kikwata. Bidhaa hizi zatufunza jambo ambalo neno "kuyeyuka" hulificha. Ubani ukipashwa moto hulainika, nasi husema unayeyuka. Ukitiwa katika spiriti, sehemu yake kubwa humumunyika. Hayo ni matukio mawili.

Kitu humumunyika katika kinachofanana nacho. Gundi, iliyo jamii ya sukari, hukubali maji na kukataa spiriti. Utomvu wa ubani hufanya kinyume. Manemane ina sehemu zote mbili, hivyo maji pekee au spiriti pekee haviimalizi.

Ili kupima umumunyikaji, kitu huongezwa katika kiowevu chenye halijoto isiyobadilika mpaka kisipokee zaidi. Mmumunyo huchujwa, kiasi chake maalumu hukaushwa, na masalio hupimwa uzani. Ama kuhusu kutabiri, mnamo 1967 Charles Hansen alikipa kila kitu namba tatu: ya mvutano wa jumla wa molekuli, ya ncha za umeme, na ya vifungo vya haidrojeni. Kadiri namba za vitu viwili zinavyokaribiana, ndivyo vinavyoelekea kumumunyishana.

Mwanafunzi akiagizwa "ayeyushe" ubani kwa spiriti, huenda akawasha jiko, ilhali spiriti hushika moto upesi. Kwa hiyo usanifishaji wa istilahi si pambo la lugha. Ni kinga ya mtumiaji.