Simu Mkononi mwa Mtoto wa Askari

Ndugu maofisa na askari wa Jeshi na Polisi, mazungumzo yetu ya leo yanahusu lindo ambalo haliandikwi katika orodha ya zamu, nalo ni ulinzi wa mtoto anaposhika simu. Katika nyumba za askari mjini Jinja, na kule Mbale chini ya Mlima Masaba, si ajabu kumkuta mtoto wa miaka 10 anayeijua simu ya mama yake kuliko mama mwenyewe. Ujuzi huo si jambo baya. Swali lililo mbele yetu ni nani anayemwongoza mtoto huyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba hofu ya wazazi haikuanza na simu. Katika miaka ya 1990 na baadaye, wazazi wa miji yetu walihofia vibanda vya video, ambamo filamu za kigeni zilionyeshwa huku msimulizi akizifasiri kwa Kiganda. Lakini kibanda kilikuwa na mlango, mahali pake palijulikana, na jirani aliweza kumwona mtoto akiingia. Simu haina mlango unaoonekana. Mtoto aweza kuwa ameketi mkekani kando ya mama yake, kumbe anaongea na watu ambao mama hajapata kuwaona.

Hali hiyo ilizidi wakati wa ugonjwa wa korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Katika muda huo mrefu masomo yalifuatwa kwa redio, kwa televisheni, kwa karatasi zilizochapwa na, kwa wale waliojaliwa, kwa simu. Watoto wengi walikabidhiwa chombo hicho kwa ajili ya masomo, nao wakajifunza humo mengi ambayo hayakuwamo katika masomo.

Kwa familia ya askari jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu majeshi ya Uganda yalipoingia Somalia Machi 2007, baba na mama wengi wamewalea watoto wao kwa sauti tu kutoka mbali. Simu ndiyo iliyomwezesha mzazi kuuliza habari za shule na kumtakia mtoto usiku mwema. Kwa hiyo basi, kuipiga marufuku nyumbani au kuivunja kwa hasira si dawa. Kinachotakiwa ni utaratibu, na askari hahitaji kufundishwa maana ya utaratibu.

Utaratibu huo unaanza na afya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo cha simu wala cha televisheni, na kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto mdogo hukua kwa kukimbia, kuongea na watu, na kulala vya kutosha. Kwa mtoto mkubwa, kanuni nyepesi ni kwamba simu zote za nyumbani, hata ya mzazi, zilale usiku katika chumba cha wakubwa. Mtoto anayechezea simu hadi usiku wa manane husinzia darasani, na mwalimu hujua bila kuambiwa.

Jambo la pili ni fedha. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kamari ya mwaka 2016 inamkataza mtu asiyetimiza miaka 25 kucheza kamari. Hata hivyo, simu haiwezi kuutambua uso wa mtoto ikiwa namba ya siri ya fedha aliyopewa ni ya baba. Namba hiyo na ishindwe kujulikana na mtoto, kama vile neno la siri la lindo lisivyotolewa kwa mpita njia. Tukumbuke pia kwamba laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 16. Laini anayoitumia mtoto mdogo ina jina la mtu mzima, na lolote litakalotendwa kwa laini hiyo litaanza kuulizwa kwake.

Jambo la tatu ni picha. Mtoto anayejivunia baba yake hupenda kuonyesha picha yake akiwa katika sare, au gari la kikosi likiondoka kambini. Hana nia mbaya, lakini picha yaweza kumweleza adui mahali, saa na idadi. Afundishwe mapema kwamba habari za kazi ya baba hazitoki nje ya nyumba, na aelezwe sababu, kwa kuwa mtoto aliyeelewa sababu huishika amri hata asipoangaliwa.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo haya. Hatari kubwa kuliko zote ni mtu anayejifanya rafiki, akaomba picha ya aibu, kisha akamtisha mtoto kwamba ataisambaza. Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda na UNICEF, INTERPOL na ECPAT, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto waliodhuriwa kwa njia hiyo mara nyingi walinyamaza au walimwambia rafiki tu, na wachache mno ndio walioifikia polisi. Kwa nini wananyamaza? Wanaona haya, na wanaogopa kipigo. Fikirini mlinzi anayetoa taarifa ya kumwona adui, kisha akaadhibiwa kwa kosa la kumwona. Kesho adui atapita na mlinzi atanyamaza. Ndivyo ilivyo kwa mtoto anayeujua mkanda wa baba yake kuliko sikio lake.

Kwa hiyo mtoto aambiwe waziwazi, kabla ya tatizo kutokea, kwamba akitishwa na mtu yeyote aje kusema, wala hatapigwa. Akija, mzazi asifute ujumbe, asilipe fedha, wala asimjibu mhalifu kwa matusi. Ujumbe ule ni ushahidi. Apeleke simu katika kituo cha polisi, kwa maofisa wa ulinzi wa watoto na familia, au apige bila malipo namba 116, ambayo ni ya msaada kwa watoto. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inahesabu picha za ngono za watoto kuwa kosa la jinai. Nanyi askari wa Polisi, mtoto anapofika mezani penu, mpokeeni kama shahidi, wala msianze kwa kumlaumu.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Kumkunja mtoto si kumvunja. Mzazi aliyepo na aketi naye, aulize anachokitazama, akitazame pamoja naye. Mzazi aliye mbali, anapopiga simu jioni, asiulize alama za mtihani peke yake, bali aulize pia: “Leo umeongea na nani?” Swali hilo likiulizwa kwa upole kila siku, siku ya hatari mtoto atalijibu.