Neno "Mtumwa" katika Programu Huria: Adabu au Udhibiti?

1. Utangulizi

Programu huria ni programu za kompyuta ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Nyingi hutungwa na watu wa kujitolea walio katika nchi mbalimbali. Kwa kuwa mara nyingi hawana mwajiri mmoja wa kuwakatia shauri, swali moja huwarudia: neno likimuudhi mtumiaji, liondolewe au liachwe? Makala haya yanalieleza swali hilo, kisha yanalipima kwa Kiswahili cha Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema.

2. Mifano miwili

Mfano wa kwanza watoka katika mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Mradi huo hugawa, pamoja na programu nyingine, programu ndogo iitwayo fortune, ambayo humwonyesha mtumiaji msemo mmoja kwa kubahatisha. Baadhi ya misemo ilikuwa ya matusi na dharau. Kwa miaka mingi iliwekwa katika kifurushi cha peke yake, asichokipata ila aliyekitaka. Mwezi wa Novemba 2022 jambo hilo lilijadiliwa upya, na toleo la 12, lililotoka Juni 2023, halikuwa na kifurushi hicho.

Mfano wa pili ni wa istilahi. Wahandisi walizoea kukiita kifaa kinachoamuru "bwana" na kinachotii "mtumwa". Mradi wa Django uliyaacha maneno hayo mwaka 2014, Python ikafuata mwaka 2018, na mwaka 2020 watunzaji wa kiini cha Linux walikubaliana kutoyatumia katika kazi mpya.

3. Neno hilo likifika Kabambare

Katika karne ya 19 Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na Kabambare kituo cha misafara kati ya Ziwa Tanganyika na mto Lualaba. Pembe za ndovu na watu vilipitia huko. Ndiko lilikokita neno "waungwana", ambalo limezaa jina la Kingwana. Na kinyume chake, wenyeji wasioingia katika ustaarabu wa misafara waliitwa "washenzi". Kwa hiyo mfasiri atakayeandika "bwana" na "mtumwa" kwenye kioo cha kompyuta hatakuwa ameleta sitiari tupu. Atakuwa ametaja cheo ambacho babu wa msomaji huenda alibandikwa.

Hata hivyo, kosa haliko katika mzizi. Kitenzi "tuma" kimezaa pia "mtume" na "tumia", na kutoka "tumia" tunapata "mtumiaji", jina la kila mwenye kushika kompyuta. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo "kutumika" ni kufanya kazi, jambo la heshima. Linalochoma ni neno moja, kwa sababu ya historia yake. Nalo si vigumu kulibadilisha: "kifaa kikuu" na "kifaa tegemezi" hueleza uhusiano uleule, tena kwa uwazi zaidi.

4. Mpaka wa udhibiti

Hapana budi kutofautisha mambo mawili. Programu ina maneno inayomtamkia mtumiaji bila kuulizwa, na ina maneno inayoyahifadhi ili atafutaye ayapate. Kuchagua yale ya kwanza kwa uangalifu ni adabu tu, kama ya mwenyeji mbele ya mgeni. Kuyafuta yale ya pili ni udhibiti. Kamusi ya tahajia isipopendekeza "mshenzi" haimdhulumu mtu. Lakini ikilihesabu kuwa kosa la tahajia, mwanafunzi wa Kasongo anayeandika historia ya mji wake atasahihishwa na mashine kuhusu neno ambalo wazee wake walilisikia. Kamusi ya maana nayo yafaa ilibakishe, ikilitia alama ya kuwa ni la kudharau.

5. Hitimisho

Uamuzi wa namna hii hauwezi kufanywa vema na mtu asiyejua neno linauma wapi. Faida ya programu huria ni kwamba mlango uko wazi: msemaji wa Kingwana anaweza kuingia na kutoa hoja yake. Asipoingia, wengine watamchagulia maneno, na watamchagulia pia yatakayofutwa.