Kujiandaa kwa Darasa la Kwanza la Yoga ya Joto: Mwili Hupoaje, na Nani Aulize Kwanza?

Yoga ya joto ni mazoezi ya yoga yanayofanyika ndani ya chumba kilichopashwa joto kwa makusudi. Mtindo wake unaojulikana zaidi ulienezwa nchini Marekani kuanzia miaka ya 1970 na Bikram Choudhury, mzaliwa wa Kolkata, India. Darasa la mtindo huo huchukua dakika 90, katika joto la takriban nyuzi 40 za Selsiasi na unyevunyevu wa hewa wa takriban asilimia 40. Kumbi nyingine hutumia joto la chini zaidi na muda mfupi zaidi.

Wengi huanza yoga hiyo wakiamini kwamba jasho jingi ni dalili ya tiba. Makala haya yanaeleza kwamba joto ni mzigo ambao moyo, ngozi na figo hulazimika kuubeba. Mtu mwenye afya njema aliyejiandaa anaweza kuubeba kwa usalama. Wapo wengine, hasa wanaotumia dawa kila siku, wanaopaswa kumwona mtoa huduma za afya kabla ya kuingia katika chumba hicho.

Je, joto huongeza faida?

Mwaka 2018 jarida la Experimental Physiology lilichapisha utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Texas, Marekani. Watu wa makamo ambao hawakuwa na mazoea ya kufanya mazoezi walifuata mikao ileile kwa wiki 12, kundi moja katika chumba cha joto la takriban nyuzi 40 na kundi jingine katika chumba cha kawaida cha nyuzi 23. Uwezo wa mishipa ya damu kutanuka uliboreka katika makundi yote mawili. Kwa kipimo hicho, faida ilitokana na mazoezi, wala haikuhitaji joto. Kwa hiyo mgonjwa anayeshauriwa kuepuka chumba cha joto asidhani kwamba amenyimwa yoga. Aifanye katika chumba cha kawaida.

Mwili hupoaje?

Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika hugeuka kuwa joto. Katika chumba cha kawaida, sehemu ya joto hilo hutoka kwenye ngozi na kuingia hewani, kwa kuwa hewa ni baridi kuliko ngozi. Katika chumba cha nyuzi 40 hali hugeuka. Hewa ina joto kuliko ngozi, hivyo mwili hupokea joto kutoka nje huku ukizalisha jingine ndani. Njia pekee ya maana inayobaki ni jasho.

Hata jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Lita 1 ya jasho ikikauka yote huondoa takriban kilokalori 580 za joto, lakini jasho linalodondoka mkekani halipozi chochote. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, jasho hukauka polepole na joto la mwili huendelea kupanda.

Wakati huohuo moyo hutumwa kazi mbili. Hupeleka damu kwenye misuli, na hupeleka nyingine nyingi kwenye ngozi ili joto litoke. Jasho nalo hupunguza maji yaliyomo katika damu. Ndiyo maana mapigo ya moyo huenda mbio hata katika mikao myepesi, na ndiyo maana mtu anayeinuka ghafla kutoka sakafuni huweza kuona kizunguzungu au kuzimia.

Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kudhani kwamba ameshazoea joto. Lakini kukaa kivulini penye upepo wa bahari si sawa na kufanya mazoezi katika chumba kilichofungwa. Mwili huchukua takriban siku 7 hadi 14 za kufanya mazoezi katika joto mara kwa mara ili uzoee, yaani uanze kutoa jasho mapema zaidi, kupoteza chumvi kidogo na kuongeza maji ya damu. Anayehudhuria darasa kwa mara ya kwanza hana kinga hiyo.

Wanaopaswa kuuliza kwanza

Wajawazito waepuke yoga ya joto. Joto la ndani ya mwili likipanda sana katika wiki za mwanzo za ujauzito huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo, ikiwamo mgongo wazi. Wenye selimundu nao wasiingie, kwa kuwa upungufu wa maji na mazoezi mazito huweza kuamsha maumivu makali. Wenye ugonjwa wa moyo au wa figo, na waliowahi kuugua kutokana na joto, wapate kwanza ushauri wa daktari. Mwenye homa, anayeharisha au kutapika, aliyekunywa pombe, na aliyefunga bila kunywa maji, kama katika mchana wa Ramadhani, asubiri siku nyingine.

Dawa nazo zina nafasi yake. Dawa za kuongeza mkojo, kama furosemidi, humwingiza mtu chumbani akiwa tayari na upungufu wa maji. Atenololi na propranololi huzuia moyo kuongeza kasi pale unapohitajika kufanya hivyo. Amitriptilini, baadhi ya dawa za mzio na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupunguza jasho. Kiwango cha lithiamu katika damu huweza kupanda na kuwa sumu maji yanapopungua mwilini. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huongeza mzigo wa figo. Insulini huingia katika damu haraka zaidi ngozi inapopata joto, hivyo sukari inaweza kushuka ghafla. Isitoshe, insulini iliyoachwa ndani ya begi katika chumba hicho inaweza kuharibika.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 52 mwenye shinikizo la juu la damu, anayetumia atenololi pamoja na dawa ya kuongeza mkojo. Nyumbani dawa hizo zinamlinda. Katika chumba cha nyuzi 40, moja inamzuia kuongeza mapigo ya moyo na nyingine imempunguzia maji. Jawabu si kuacha dawa ili ahudhurie darasa. Asiache dawa hata siku moja bila ushauri wa daktari. Abadilishe chumba.

Maandalizi

Siku moja kabla, kunywa maji kwa kawaida yako na ule chakula chenye chumvi ya kawaida, isipokuwa kama umeshauriwa kupunguza chumvi. Mkojo wa rangi ya manjano hafifu ni ishara njema. Mkojo wa rangi iliyokolea ni ishara ya kunywa zaidi.

Saa 4 kabla ya darasa, kunywa mililita 5 hadi 7 za maji kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 atakunywa mililita 300 hadi 420. Kula mlo mwepesi saa 2 hadi 3 kabla. Usijilazimishe kunywa lita nyingi kwa mkupuo. Maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na hali hiyo huleta kichwa kuuma, kutapika, hata degedege.

Vaa nguo nyepesi zinazopitisha hewa. Anayejifunika kichwa achague kitambaa chembamba. Chukua mkeka, taulo na chupa ya maji. Fika dakika 15 mapema, mweleze mwalimu kwamba ni mara yako ya kwanza, na uchague nafasi karibu na mlango.

Ndani ya darasa, lengo la siku ya kwanza liwe kuujua mwili wako. Keti au ulale unapochoka, usibane pumzi, na inuka polepole. Misuli iliyopata joto hunyumbulika kwa urahisi, na unyumbufu huo hudanganya. Simama kabla ya maumivu. Mwalimu yeyote asikuzuie kutoka nje unapojisikia vibaya.

Baada ya darasa, mizani husaidia. Jipime kabla na baada ya darasa, ukiwa na nguo chache na umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita 1 ya maji, nawe uirudishe taratibu kwa saa kadhaa, pamoja na chakula. Uzito ukiongezeka, umekunywa kupita kiasi.

Dalili za hatari

Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, misuli kukaza na udhaifu ni dalili za uchovu wa joto. Mtu atoke nje, alale mahali pa baridi, ainuliwe miguu, na anywe maji taratibu.

Akichanganyikiwa, akiongea maneno yasiyoeleweka, akipepesuka, akipata degedege au akipoteza fahamu, hiyo ni dharura iitwayo kiharusi cha joto, ambayo ni tofauti na kiharusi kinachotokana na mishipa ya damu ya ubongo. Joto la ndani ya mwili kwa kawaida huwa limevuka nyuzi 40. Ngozi yake inaweza kuwa imelowa jasho, kwa hiyo jasho lisiwatulize wanaomsaidia. Wakati msaada unaitwa, kazi ya kumpoza ianze papo hapo, kwa kumzamisha katika maji baridi huku kichwa kikishikiliwa juu, au kummwagia maji mwili mzima na kumpepea. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu kamili. Parasetamoli haisaidii, kwa sababu joto hili si homa.

Kwa mtoa huduma za afya

Mteja anapouliza kuhusu yoga ya joto, maswali matano yanatosha kuanzia. Unatumia dawa gani, zikiwamo za kununua dukani? Je, una ujauzito au unaweza kuwa nao? Umewahi kuzimia au kuugua kwa sababu ya joto? Una ugonjwa wa moyo, figo, kisukari au selimundu? Umeugua katika siku chache zilizopita? Jibu lolote la kutia shaka litoshe kumshauri afanye yoga hiyohiyo katika chumba cha kawaida, hadi atakapochunguzwa. Ushauri huo haumpotezei faida ya mazoezi, nao unaweza kumwepusha na dharura.