Shahada ya Pili ya Uchumi: Ina Faida Gani kwa Kijana wa Kariokor?

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeikumbuka mara nyingi mwaka huu kwa sababu ya mjadala ulioingia nyumbani kwetu. Kaka yangu alihitimu shahada ya kwanza ya uchumi, akatembeza bahasha mjini mpaka viatu vikaisha soli, na sasa anataka kurudi chuoni kusomea shahada ya pili, yaani uzamili. Mama, ambaye huuza viondo katika soko la Kariokor, ameuliza swali moja tu: "Ikiwa ya kwanza haijaleta unga, hiyo ya pili italeta nini?"

Swali hilo linanihusu hata mimi. Mfuko utakaolipa karo ya chuo ndio huohuo unaotoa pesa za chakula changu cha mchana shuleni, sare na vitabu, na mwaka ujao nitakuwa kidato cha nne. Kwa hivyo nimechunguza jambo hili kwa makini, nikauliza walimu na kusoma vitabu vya kaka. Haya ndiyo niliyoyapata.

UCHUMI TUMIZI NI NINI?

Watu wengi hudhani kwamba mchumi ni mtu wa kuhesabu pesa katika benki. La hasha! Anayeandika hesabu za kampuni ni mhasibu. Mchumi huchunguza jinsi watu wanavyochagua wakati vitu ni vichache na mahitaji ni mengi. Mama akiwa na shilingi elfu mbili mkononi, je, anunue uzi wa mkonge au alipe deni la duka? Huo ndio uchumi. Na uchumi tumizi ni ule unaotoa nadharia kitabuni na kuipima kwa takwimu za watu wenyewe: bei, mishahara, mavuno, karo, hata magonjwa.

Mfano wa kwanza uko hapahapa petu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, iliyoandaliwa na wataalamu walioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly. Siku hizo wengi walimwona mchuuzi, fundi wa viatu na mkarabati wa magari kuwa watu wasio na kazi, wa kufukuzwa tu barabarani. Ripoti ile ilisema kwamba hawa ni wafanyakazi kamili wa sekta isiyo rasmi, wanaotengeneza mali na kuwapa wengine kazi, na kwamba serikali iwasaidie badala ya kuwasumbua. Leo tunawaita watu wa jua kali. Ati fundi wa Gikomba akaingia katika vitabu vya uchumi vya dunia nzima!

Mfano wa pili ni wa Busia. Kuanzia mwaka 1998, Michael Kremer na Edward Miguel walichunguza shule 75 za msingi ambako watoto walipewa dawa ya minyoo. Shule ziligawanywa katika makundi na kupewa dawa kwa zamu, ili waliopata walinganishwe na ambao zamu yao haijafika. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004, walisema kwamba utoro ulipungua kwa karibu robo. Mwaka 2015 wataalamu wengine walirudia hesabu hizo na ubishi mkali ukazuka kuhusu ukubwa wa faida hiyo. Kremer naye alikuwa miongoni mwa watatu waliotuzwa Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa mbinu za namna hii. Hapo nilijifunza kwamba katika fani hii hakuna anayeaminiwa kwa jina lake. Ni lazima hesabu yake ikubali kukaguliwa.

MASOMO YENYEWE

Uzamili wa uchumi kwa kawaida huchukua miaka miwili. Sehemu ya kwanza ni ya darasani, na ina nguzo tatu. Nguzo ya kwanza ni uchumi wa mtu, familia na kampuni moja moja. Ya pili ni uchumi wa taifa zima: mfumuko wa bei, kodi, madeni, ukosefu wa kazi. Ya tatu, ambayo kaka anasema ndiyo huwatoa watu jasho, ni takwimu na ekonometriki, yaani ufundi wa kutumia hesabu kujua kama jambo moja kweli limesababisha lingine au yamekutana tu njiani. Baadaye mwanafunzi huchagua tawi, kama vile kilimo, afya, fedha au mazingira, kisha anaandika tasnifu.

Sasa sikilizeni, wenzangu mnaotoroka kipindi cha hisabati! Kufaulu somo la Biashara peke yake hakutoshi. Zile matriki tunazosoma kidato cha tatu na kulalamika "hizi zitanisaidia wapi?" ndizo zinazotumika huko.

Zamani msomi alilazimika kwenda mbali. Hayati Mwai Kibaki, aliyekuwa mbunge wa Donholm huku Eastlands kuanzia 1963 na Rais wa Kenya kuanzia 2002 hadi 2013, alisoma uchumi Makerere, Uganda, akaendelea katika chuo cha London School of Economics. Siku hizi milango iko karibu. Muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, unaojulikana kama AERC, ulianzishwa mwaka 1988 na makao yake yako Nairobi. Mwaka 1993 ulianzisha mpango wa uzamili unaofundishwa kwa ushirikiano wa vyuo vya nchi mbalimbali. Mwaka 2005 ukaanza mpango mwingine, wa uchumi wa kilimo na uchumi tumizi, uliojumuisha vyuo kama Nairobi, Egerton, Makerere, Sokoine na Pretoria.

KAZI ZIKO WAPI?

Kwanza kuna Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, linalokusanya bei za bidhaa kila mwezi na kutangaza mfumuko wa bei. Pili kuna Benki Kuu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1966, ambako wachumi hushauri kuhusu riba ili bei zisipande kupita kiasi. Tatu ni taasisi za utafiti, kama KIPPRA iliyoundwa mwaka 1997 kuishauri serikali kuhusu sera, na Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton inayochunguza kilimo na bei za mazao. Kisha kuna Hazina, benki za biashara, mashirika ya misaada, na kaunti 47 ambazo tangu mwaka 2013 zinahitaji watu wa kupanga bajeti.

Orodha ni ndefu, lakini nafasi si nyingi, na wanaozitaka ni umati wa watu. Kaka amenionyesha matangazo ya kazi aliyoyakata magazetini na kuyahifadhi. Kazi za kuanzia mara nyingi huomba shahada ya kwanza. Za utafiti na za vyeo vya juu ndizo zinazoomba uzamili. Na karibu zote zinaomba uzoefu. Kwa hivyo aliye na shahada mbili bila uzoefu wowote anaweza kuendelea kutarmaki, tena akiwa na deni kubwa zaidi.

HESABU YA NYUMBANI

Wachumi wana wazo linaloitwa gharama ya fursa. Maana yake ni kile unachokiacha unapochagua kingine. Jioni moja tulichukua daftari la Mama la soko tukalipigia jambo hili hesabu, kwa kukadiria tu.

Tuseme karo ya miaka miwili ni shilingi 300,000. Kaka kwa sasa ana kibarua cha kukusanya takwimu nyumba kwa nyumba, na tuseme humpa shilingi 15,000 kwa mwezi. Akikiacha kwa miezi 24, atakosa shilingi 360,000. Kwa hivyo gharama ya uzamili si 300,000 bali ni 660,000. Na tuseme akimaliza apate kazi inayomwongezea shilingi 20,000 kila mwezi. Itamchukua miezi 33, karibu miaka mitatu, kurudisha gharama hiyo. Asipopata kazi upesi, miezi inazidi.

Mama alitazama ukurasa ule kisha akasema, "Mbona hiyo naijua tangu zamani? Siku nikienda matanga, meza yangu haiuzi na kodi ya soko iko palepale." Sikutegemea kwamba Mama, ambaye hakumaliza shule ya msingi, angeelewa mambo ya chuo kikuu haraka kuniliko!

Kaka naye hakukata tamaa. Alisema kwamba kibarua chake ndicho uzoefu wenyewe, kwa hivyo hatakiacha. Ataomba ufadhili, na akikosa atatafuta masomo ya jioni ambayo atayalipia muhula kwa muhula. Mama akakubali kwa sharti moja: "Sawa, baba. Lakini wa kidato cha nne kwanza." Mimi nilifurahi, siwezi kuficha. Hata hivyo niliuona uso wa kaka, nikajua kwamba mwaka wangu mmoja shuleni una gharama ya fursa, na anayeilipa ni yeye.

USHAURI KWA WENZANGU

Kwa maoni yangu, shahada ya pili ya uchumi ina faida kwa anayejua anaitakia nini: utafiti, sera, ualimu wa chuo au cheo cha juu. Kwa anayeikimbilia kwa sababu amekosa la kufanya, ni kuahirisha shida tu. Ukiwa na nia hiyo, basi anza sasa. Shika hisabati kama mboni ya jicho. Soma Kiswahili na Kiingereza vizuri, kwa maana hesabu isiyoelezeka haimsaidii waziri wala muuza sukuma. Jifunze kompyuta ukipata nafasi. Na uwe na daftari: andika bei ya mkate, mafuta na nauli ya matatu kila wiki kwa muhula mmoja, kisha ujiulize ni kwa nini zimepanda au zimeshuka.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kabla ya kulipa karo yoyote, muulize aliyepita njia hiyo, upige hesabu yako mwenyewe, na uwaonyeshe wale watakaokulipia. Nao wana haki ya kuiona.