Karakana ya uani Kabiria: meza kwanza, mashine baadaye

Useremala ni kazi yenye nasaba njema. Nabii Nuhu, amani iwe juu yake, aliiunda safina kwa mikono yake, na katika Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim imo kwamba Nabii Zakaria alikuwa seremala. Basi mtu akiona haya kuitwa fundi wa randa, haya hiyo ameipata kwingine.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya karakana niliyoijenga nyuma ya nyumba hapa Kabiria, magharibi ya Nairobi, upande wa Riruta na Waithaka. Watu wa Pwani wakitajiwa Nairobi hukumbuka Pumwani, Eastleigh na Kibra. Kabiria wengi hawaijui. Ni mtaa wa udongo mwekundu na viwanja vidogo vilivyokatwa kutoka mashamba ya zamani: migomba huku, ng'ombe wa maziwa kule, na katikati nyumba za kupangisha zinazozidi kwenda juu. Uani kwangu palibaki futi 12 kwa 18, kati ya jiko na ukuta wa jirani.

Msomaji atauliza, kwa nini uani na si barabarani penye wateja? Kwa muda mrefu mafundi wa samani wamepanga vitanda na makabati yao kandokando ya Barabara ya Ngong, na mimi pia nilifanya kazi ukingoni mwa barabara. Lakini ukingo si wako. Barabara ikipanuliwa, kibanda huondoka. Jina lenyewe la jua kali lilitokana na kufanya kazi bila paa, na Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, jambo kubwa lililozungumzwa lilikuwa hilo hilo, wapatiwe kivuli. Mafundi wangapi hadi leo wanakingwa na turubai tu! Nilipoondoka barabarani nikiwa na kisanduku cha patasi na deni la miezi miwili, niliapa kwamba safari hii nitafanya kazi chini ya paa langu.

Nikaanza vibaya. Fedha zote nilizokuwa nazo nilinunulia mashine ya kupasulia mbao, ya nguvu za farasi tatu, iliyotumika kidogo. Ilikaa nje imefunikwa nailoni mvua zote za masika. Siku nilipoiwasha kwa umeme wa nyumbani, nyumba nzima ikawa giza. Mota ya namna hiyo inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano au zaidi ya kiasi inachotumia ikiwa mbioni, na plagi ya kawaida ya ampea 13 haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mke wangu hakusema neno, akawasha mshumaa tu. Niliiuza mashine kwa hasara, na kwa fedha zilizorudi nikaanza upya, kutoka chini.

Kutoka chini maana yake sakafu. Niliinua msingi inchi sita juu ya uwanja, kwa sababu mvua ya Aprili hapa hugeuza udongo kuwa uji, nikamwaga zege la inchi nne: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Nguzo sikuzichimbia ardhini, maana mchwa angezimaliza. Nilizisimamisha juu ya vigingi vya zege na kuzifunga kwa vyuma. Paa ni mabati, na kati yake karatasi mbili za plastiki zinazopitisha mwanga. Madirisha niliyaelekeza kaskazini na kusini. Hapa karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni hutoka mashariki na magharibi, nalo likikupiga machoni hutaona mstari wa penseli.

Ndipo ikaja meza. Hapa ningependa fundi kijana anisikilize. Randa haiwezi kunyoosha ubao juu ya meza inayoyumba, hata randa iwe ya thamani gani. Meza yangu ina miguu ya inchi nne kwa nne, na uso wa unene wa inchi tatu, uliounganishwa kwa vipande vya saiprasi vilivyosimamishwa kwa ubavu na kutiwa gundi. Kimo chake kinafika kwenye kifundo cha mkono ninaposimama wima, ili uzito wa mwili usukume randa na mgongo usiteseke. Niliiunda sakafuni kwa msumeno wa mkono, randa, patasi na nyundo, wiki tatu nzima. Waundaji wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, wamejenga vyombo vya kuvuka bahari kwa tezo na keekee chini ya kivuli. Mimi nashindwaje na meza?

Gundi nayo ilinipa somo. Dagoretti iko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, na asubuhi za Julai zina baridi ya kuuma. Gundi nyeupe ya maji haishiki vizuri baridi ikikaribia nyuzi 10. Viungo vyangu vya kwanza viliachia kama vimepakwa maziwa. Sasa mwezi huo sitii gundi kabla ya saa nne.

Kazi iliyonifundisha zaidi ni mlango. Bwana mmoja wa Mombasa aliyehamia huku alitaka mlango wa kwao, wenye mbao mbili na mfaa katikati, na mbao za mbambakofi akaziteremsha mwenyewe kutoka Pwani. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi kuliko ya Nairobi. Ubao uliozoea unyevu ukiletwa huku hukauka zaidi na kupungua, nao hupungua kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno. Ningeuunda mlango siku ile ile, kabla ya mwaka kwisha ungefunguka nyufa za kuingiza kidole. Nilimwambia, "Bwana wangu, tuziache zipumzike." Zikakaa karakanani miezi mitano, zimepangwa kwa vijiti katikati zipitishe hewa. Kila mwezi nilipima kipande kimoja kwenye mizani ya duka, mpaka kilipoacha kupungua uzito. Vibao vya kati sikuvitia gundi. Niliviacha vicheze ndani ya mifuo yake. Wazee waliounda milango ya Lamu na Mombasa walijua siri ya fremu na kibao kabla hatujazaliwa, nasi huidhani mapambo tu.

Mwaka 2018 serikali ilipozuia ukataji miti katika misitu ya umma, zuio lililodumu hadi 2023 lilipotangazwa kuondolewa, saiprasi ilikuwa ghali na mbichi iliuzwa kwa jina la kavu. Tangu hapo siamini ubao ambao sijaupima.

Limebaki la jirani. Wiki ya kwanza ya kupiga msasa kwa mashine ndogo, mama wa upande wa pili alibisha hodi akiwa na shuka mkononi. "Fundi, mimi sikatai kazi yako, lakini nguo za watoto nimezifua mara mbili leo." Nilimwomba radhi, na usiku ule sikulala vizuri. Haki ya jirani kwetu si jambo dogo. Tena vumbi la mbao si uchafu wa nguo tu: tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka miongoni mwa vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, hasa ya puani. Nikaziba dirisha la upande wake, nikafunga feni ya kuvuta vumbi ndani ya gunia, nikaanza kuvaa barakoa. Msasa wa mashine ni asubuhi tu, kabla hajaanika. Kanuni za kelele za mwaka 2009 huhesabu usiku tangu saa mbili. Mimi huzima ikiadhiniwa Magharibi.

Yule mama anafuga kuku. Unga wa msasa hautaki, ila maranda safi ya saiprasi huyatandaza bandani. Jumamosi iliyopita aliita kutoka ng'ambo ya ukuta, "Fundi, mbona wiki hii hurandi?" Nikamwambia nangoja ubao ukauke.