Nani Atatuandikia Habari za Kwetu?

Mwezi wa Desemba mwaka 2020 kampuni ya New Habari ya Dar es Salaam ilitangaza kwamba itaacha kuchapa magazeti yake, yakiwamo Mtanzania, Rai, Dimba na Bingwa, na watumishi wake wakapoteza kazi. Miaka minne kabla ya hapo, Juni 2016, Nation Media Group ya Nairobi ilitangaza kufunga televisheni ya QTV na redio ya QFM. Sababu itolewayo aghlabu ni moja: matangazo ya biashara yamepungua, na wasomaji wamehamia kwenye simu. Hatukatai. Lakini sisi tukaao huku Litembo, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, twalitazama jambo hili kwa upande mwingine.

Yafaa wasomaji wetu wajue jinsi gazeti lipatavyo habari za mbali. Mhariri hukaa mjini. Wilayani huwa na mtu wake, ambaye mara nyingi hana mshahara, bali hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Fedha zikipungua, huyu huachwa mapema, wala haandikiwi hata barua. Jina lake halimo katika hesabu ya walioachishwa, kwa kuwa hakuwa ameajiriwa. Basi husemwa kwamba waandishi kadha wa kadha wamepunguzwa, kumbe na wilaya nzima imenyamazishwa.

Siku ya kufunguliwa barabara, wapiga picha huja wenyewe pamoja na wakubwa. Ama mtaro ukiziba wakati wa masika, na maji yakala ukingo wa njia, nani atatoka Dar es Salaam kuutazama? Bei ya kahawa mnadani, na kiasi kilichomfikia mkulima baada ya makato. Dawa zilizokwisha zahanati. Mtumbwi uliopinduliwa na upepo huko Liuli: haya yataka mtu akaaye pale pale, ambaye akiandika uongo atakutana kesho sokoni na wale aliowaandika. Hiyo peke yake yatosha kumtia adabu mwandishi.

Wala si desturi ngeni. Mambo Leo, gazeti la serikali ya Tanganyika lililoanza Januari 1923, lilichapa barua na habari zilizoletwa na wasomaji wa miji mbalimbali. Na zamani zaidi ya hayo, wanavyuoni wetu wa Hadithi hawakupokea neno pasipo kujua nani alilisikia, kutoka kwa nani, na tabia yake ilikuwaje. Imamu Bukhari alisafiri nchi nyingi kwa ajili hiyo.

Mahali palipokosa msemaji mkweli hapakai kimya, uvumi huingia. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, mwaka 2017 ulienea uvumi wa wanyonya damu, yaani mumiani. Watu wasio na hatia waliuawa na makundi, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake huko mwezi wa Oktoba. Hatusemi gazeti lingaliyazuia yote. Lakini leo uvumi hauhitaji hata miguu. Kijana hugusa simu yake, ukafika Songea na Njombe kabla ya adhuhuri.

Wako wasemao kwamba waandishi wa wilayani nao hupokea bahasha. Ni kweli wako, na rushwa ni haramu kwa mwandishi kama ilivyo kwa kadhi. Lakini mtu asiyelipwa na gazeti, akapewa nauli na yule yule atakayemwandika, tumlaumu yeye peke yake? Nasi tusomao gazeti la jirani pasipo kulinunua tuna fungu letu. Redio ya jamii ya Orkonerei, iliyoanzishwa Terrat, Simanjiro, mwaka 2002, ilionyesha kwamba hata wafugaji wa nyikani waweza kuwa na kituo chao.

Nyumba tatu zikishirikiana wakati wa mauzo ya kahawa zaweza kulipia gazeti moja mwaka mzima. Na vijana wetu waliomaliza skuli, wasio na kazi, waanze na ubao wa matangazo msikitini: nini kimetokea, wapi, lini, nani ameona, na chini yake jina la aliyeandika.